Vitenzi visivyo na nafsi katika Kilatini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyekwisha kupita amo, amas, amat, anayezitambua hali za nomino (nominativo, genitivo, dativo, akusativo, ablativo), kisha akakutana na me paenitet au pugnatum est, akaanza kumtafuta mtenda asimwone. Ukiwa seminari, kwaya, kitivo cha sheria au unajisomea nyumbani, mambo ni yaleyale. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi, kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Kitenzi kisicho na nafsi ni kipi hasa?

Ni kitenzi kinachotumika katika nafsi ya tatu umoja tu, bila mtu kusimama katika nominativo kama mtenda wake. Licet ni "inaruhusiwa". Pluit ni "mvua inanyesha". Oportet ni "inapasa". Hakuna "mimi" wala "wewe" katika mnyambuliko wake. Ukitaka kusema "mimi naruhusiwa", huwezi kuunda liceo. Umbo hilo lipo, lakini ni kitenzi kingine kabisa, maana yake kutiwa bei au kuuzwa mnadani! Utasema mihi licet, na huyo "mimi" atakaa katika dativo.

Wanasarufi hubishana kama jina "visivyo na nafsi" linafaa, maana katika licet mihi abire (naruhusiwa kuondoka) unaweza kudai kwamba abire, "kuondoka", ndiyo kiima cha sentensi. Wana hoja. Lakini kwa anayesoma au kutafsiri, swali la maana si "kiima kiko wapi?" bali "mtu amewekwa katika hali gani?" Hilo ndilo litakalokurudia katika ukurasa huu wote.

Je, Kiswahili kina vitenzi vya namna hii?

Kinavyo tele, na ajabu ni kwamba wanafunzi wetu huvisahau pindi wanapofungua kitabu cha Kilatini kilichoandikwa kwa Kiingereza. Tazama: inanibidi, imenilazimu, yanipasa, haifai, inawezekana, inasemekana. Katika yanipasa kwenda, mimi si mtenda. Nimo katikati ya kitenzi, kwenye -ni-, mahali pa mtendwa. Kilatini kinasema me oportet ire, na me ni akusativo, yaani mahali palepale. Tena tuna kiambishi ku- kisichomtaja yeyote: kumekucha, kumekuchwa, kumetulia.

Kiingereza humgeuza mtu kuwa mtenda wa kila kitu. Ukipitia huko, utaandika ego oportet, na mwalimu atakupigia mstari mwekundu. Toka kwenye Kiswahili moja kwa moja hadi Kilatini, nusu ya kazi imekwisha.

Mbona ni "me paenitet" na si "ego paeniteo"?

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa hiyo tukae kidogo.

Kuna vitenzi vitano vya moyoni vinavyokwenda pamoja katika kila kitabu cha sarufi: miseret (huruma), paenitet (majuto), piget (uzito wa moyo, karaha), pudet (aibu), taedet (kuchoshwa, kukinai). Kanuni yao ni moja. Mwenye hisia hukaa katika akusativo, na kilichosababisha hisia hukaa katika genitivo. Me pudet facti. Eum taedet laboris.

Kanuni hiyo ukiikariri kavukavu itakutoka baada ya wiki. Lakini sikiliza tunavyosema sisi: "aibu imenishika", "majuto yamemshika", "huruma ikawashika". Hisia ndiyo yenye nguvu, na mtu ndiye anayeshikwa. Me pudet facti ni "imenishika aibu ya nilichotenda". Hiyo -ni- ndiyo me ya akusativo, na hiyo "ya" ndiyo genitivo. Mpangilio mzima umekaa kwenye ulimi wako tayari.

Sasa sentensi moja kwa karibu. Ayubu 10:1, katika Vulgata (Biblia ya Kilatini), inaanza hivi:

*Taedet animam meam vitae meae.*

Anayesoma kwa haraka ataona anima na vita, zote ni nomino za mnyambuliko wa kwanza, na atadhani moja lazima iwe kiima. Hapana. Animam meam ina -m, hiyo ni akusativo: nafsi yangu ndiyo iliyoshikwa. Vitae meae ingeweza kuwa genitivo au dativo kwa umbo lake, lakini taedet inadai genitivo, basi shauri limekwisha: ni uchovu *wa* maisha yangu. "Nafsi yangu imechoshwa na maisha yangu." Maneno matano, hakuna nominativo hata moja.

Cicero naye, msemaji maarufu wa Roma, alipokuwa akimshtaki Verres, aliyekuwa gavana wa Sicilia, mwaka 70 KK, aliviunganisha viwili kwa mpigo: *sunt homines quos libidinis infamiaeque suae neque pudeat neque taedeat*. "Wako watu ambao uchafu wao na sifa yao mbaya haviwatii aibu wala haviwachoshi." Angalia quos: ni akusativo, kwa kuwa hao watu ni wa kushikwa na aibu, ingawa hawa hata haijawagusa. Mwanafunzi wa kawaida angeandika qui, na hilo ni kosa ambalo wasahihishaji hulitafuta makusudi.

Kama chanzo cha hisia si nomino bali ni tendo zima, nifanyeje?

Tumia infinitivo (umbo kama "kufanya" yetu), au kishazi chenye quod ("kwamba"). Me paenitet hoc fecisse, "najuta kufanya hivi". Mwanzo 6 ina njia zote mbili, mstari baada ya mstari: katika aya ya 6, *paenituit eum quod hominem fecisset in terra*, na katika aya ya 7 Mungu mwenyewe anasema *paenitet enim me fecisse eos*. Hata Mungu hapa yuko katika akusativo, eum na me. Sarufi haikumpa upendeleo.

"Miserere nobis" tunayoimba ni ya miseret?

Ni ndugu yake, si yeye mwenyewe. Miserere ni amri ya kitenzi misereor, ambacho kina nafsi zote: misereor, misereris, miseretur. Ni deponenti, yaani umbo lake ni la kutendwa na maana yake ni ya kutenda. Yesu katika Marko 8:2 anasema *misereor super turbam*, "nauhurumia mkutano".

Wanakwaya wenye macho makali huuliza jambo jingine: mbona Zaburi ya toba huanza *Miserere mei, Deus*, ilhali katika Agnus Dei tunaimba *miserere nobis*? Mei ni genitivo, nobis ni dativo. Genitivo ndiyo desturi ya zamani, ileile ya me miseret tui, "nakuonea huruma". Dativo iliingia na Kilatini cha baadaye, na liturujia ikazihifadhi zote mbili. Hakuna iliyokosewa. Kumbuka tu kwamba zaburi hiyo ni ya 50 katika hesabu ya Vulgata na ya 51 katika Biblia nyingi za Kiswahili, usije ukaitafuta ukaikosa.

Vinanyambulikaje katika nyakati nyingine?

Chukua nafsi ya tatu umoja ya kila wakati, basi. Licet, licebat, licebit, licuit, licuerat, licuerit. Katika subjunktivo (umbo la matakwa na mambo yasiyo hakika, kama "niende" yetu) ni liceat, liceret na wenzake. Infinitivo ni licere na licuisse.

Amri haipo. Huwezi kuiamrisha aibu. Kwa hiyo Kilatini hutumia subjunktivo: pudeat te! Sisi tungesema "ona aibu!", nao wanasema kama "na ikushike aibu".

Wakati timilifu una vituko vyake. Paenituit, piguit, oportuit na decuit ni vya kawaida. Lakini pudet ina puduit na pia puditum est, libet ina libuit na libitum est, licet ina licuit na licitum est. Miseret hupenda miseritum est, na taedet huazima kutoka kwa kitenzi chenye kiambishi: pertaesum est. Hizo est zisikudanganye ukadhani ni kauli ya kutendwa. Maana haibadiliki.

Licet na libet zinatofautiana vipi?

Herufi moja kwa sikio, umbali mkubwa kwa maana. Licet ni ruhusa kutoka nje: sheria, desturi, mkubwa. Libet (wazee waliandika lubet) ni hamu ya ndani: "napenda", "nina hamu". Zote zinachukua mtu katika dativo: mihi licet, mihi libet. Wanamuziki wanaijua libet bila kujua kuwa wanaijua, maana ad libitum kwenye karatasi za nota inatoka hapo: kwa upendavyo.

Mfano wa licet ambao haukai mbali na maisha ni Yohane Mbatizaji mbele ya Herode, Mathayo 14:4: *Non licet tibi habere eam*. Si halali kwako kuwa naye. Tibi, dativo. Kilichomfikisha gerezani ni kitenzi kisicho na nafsi alichokielekeza kwa mtu mwenye nafsi na panga.

Kuna mtego mmoja katika licet ambao vitabu vya mwanzo huuruka. Ukitaka kusema mtu anaruhusiwa *kuwa* kitu fulani, sifa ile humfuata mtu katika dativo. Cicero aliandika *licuit esse otioso Themistocli*, "Themistocles aliruhusiwa kukaa bila shughuli". Otioso, si otiosus, wala otiosum ambayo wengi wangeitarajia mbele ya infinitivo.

Oportet, necesse est, debeo: nichague lipi?

Debeo lina nafsi zote, nalo ni deni au wajibu wa mtu. Necesse est ni "hakuna budi", jambo halina njia nyingine. Oportet imekaa katikati: ndivyo inavyopasa, ndivyo haki au busara inavyotaka.

Mpangilio wa oportet ni akusativo pamoja na infinitivo. *Illum oportet crescere, me autem minui*, Yohana 3:30: yeye hana budi kuzidi, mimi kupungua. Inaweza pia kuchukua subjunktivo bila ut, kama Cicero anavyosema katika De finibus: *me ipsum ames oportet, non mea*, "yapasa unipende mimi mwenyewe, si mali yangu".

Kwa wakati uliopita, Mswahili ana bahati. "Ilikupasa kuja" (na hukuja) ni *oportuit te venire*. Wakati uliopita uko kwenye oportuit, na infinitivo inabaki ya kawaida, kama "kuja" yetu isivyobadilika. Wanaofikiri kwa Kiingereza huandika venisse, kwa sababu Kiingereza hukisukuma kile kilichopita kwenye kitenzi cha pili.

Kwa nini mvua haina mtenda? Si Jupita ndiye aliyenyesha?

Swali zuri, na Warumi wenyewe wangeweza kujibu ndiyo. Pluit, tonat (kunanguruma), fulgurat (kunapiga umeme), ningit (theluji inaanguka), grandinat (mvua ya mawe) kwa kawaida husimama peke yake. Hata hivyo Cicero, akizungumzia kanuni za ramli, anataja *Iove tonante, fulgurante*: Jupita akinguruma na kupiga radi, ni mwiko kuendesha mkutano wa uchaguzi. Basi mungu aliweza kuwa mtenda alipohitajika, na alipokuwa hahitajiki aliachwa mbinguni kwake.

Kilichonyesha, kama si maji, huwekwa katika ablativo. Titus Livius, katika kitabu chake cha kwanza, anasimulia zama za mfalme Tullus Hostilius: *nuntiatum regi patribusque est in monte Albano lapidibus pluvisse*. "Mfalme na wazee waliletewa habari kwamba katika mlima Albano kumenyesha mawe." Humo mna viwili kwa pamoja. Nuntiatum est, habari ilitolewa, bila kusema na nani. Halafu pluvisse, infinitivo timilifu ya pluit, na lapidibus ni ablativo. Kwa Warumi mvua ya mawe, ya damu au ya maziwa ilikuwa ishara inayohitaji kafara, kwa hiyo sentensi za aina hii utazikuta mara nyingi kwa Livius. Ukishaijua moja umezijua zote.

Kundi hili lina pia vitenzi vya saa: lucescit (kunapambazuka) na advesperascit (kunakuchwa). Wale wanafunzi wawili wa njia ya Emau, Luka 24:29, wanamwambia mgeni wao *Mane nobiscum, quoniam advesperascit*: kaa nasi, maana kunakuchwa. Ku- yetu inafanya kazi ileile inayofanywa na -it yao.

"Pugnatum est" ina maana gani, na kwa nini wanahistoria wanaipenda hivyo?

Neno kwa neno ni "kulipiganwa". Hii ni kauli ya kutendwa ya kitenzi kisichochukua mtendwa, na ndiyo sababu haiwezi kuwa na kiima. Pugno, eo, venio, curro, vivo, sto havina mtu wa kutendwa ambaye ungemgeuza kuwa kiima, kwa hiyo umbo la kutendwa likija linabaki kutaja tendo lenyewe: pugnatur, itur, venitur, curritur, vivitur. Katika nyakati timilifu kitenzi-sifa huwa cha jinsi isiyo kiume wala kike, umoja: pugnatum, ventum, itum. Kamwe si pugnatus est kwa maana hii.

Msimulizi wa harusi ya pwani hufanya vivyo hivyo: kulipikwa, kukaimbwa, kukachezwa mpaka kukakucha. Nani alicheza? Kila mtu. Hilo si swali la kuuliza.

Caesar anapoeleza majeshi yake yalivyotua Britania mwaka 55 KK anaandika *Pugnatum est ab utrisque acriter*, "kulipiganwa vikali na pande zote mbili". Akitaka kumtaja mpiganaji anatumia ab na ablativo, kama hapa, ab utrisque. Mara nyingi hataki. Ripoti ya vita inahitaji tukio, muda na matokeo, na umbo hili linampa vitu hivyo bila kupoteza hata neno moja kwa askari wasio na majina. Mimi naona lina faida nyingine kwa jemadari anayejiandikia sifa: mambo yakienda vibaya, "kulichelewa" ni tamu kuliko "nilichelewa".

Washairi walilitumia kwa sababu nyingine, kasi. Vergilius, kitabu cha sita cha Aeneis: *itur in antiquam silvam*. Watroya wanakwenda kukata kuni za kumchomea Misenus aliyekufa, na ghafla hatuoni watu, tunaona mwendo tu ukiingia msitu wa kale. Katika kitabu cha tisa Apollo anamwambia kijana Iulus *sic itur ad astra*, "hivi ndivyo kunakoendwa nyotani", yaani njia ya utukufu ni hii, kwa yeyote.

Mfano niupendao kuliko yote hauna utukufu wowote. Katika tamthilia ya Terentius, mzaliwa wa Karthago, Gnatho anamkuta Parmeno amesimama mlangoni. *Quid agitur?* anauliza, "kunafanywa nini?", ambayo ndiyo salamu yao, kama "vipi hapo?". Parmeno anajibu neno moja: *Statur*. "Kunasimamwa." Gnatho: *Video*. Naona. Kicheko chote kiko kwenye sarufi, maana aliyeulizwa amejibu kwa umbo lilelile la swali na hakusema chochote.

Kwa nini siwezi kusema "persuadeor"?

Kwa sababu persuadeo humchukua mtu katika dativo, na Kilatini hakimruhusu aliye katika dativo kupanda na kuwa kiima cha kauli ya kutendwa. Anabaki alipo, na kitenzi kinakuwa hakina nafsi: mihi persuadetur, "ninashawishiwa", mihi persuasum est, "nimesadiki". Vivyo hivyo parco, noceo, credo, invideo, faveo: tibi parcitur, nobis nocetur, ei non creditur.

Kwa jambo hili Kiswahili hakikusaidii, maana kwetu "nimeaminiwa" na "nimeonewa wivu" ni sawa kabisa. Itabidi ukariri orodha ya vitenzi vya dativo. Hakuna mkato. Horatius mwenyewe aliandika invideor katika Ars poetica, "naonewa wivu", na tena mahali anapolalamika kwamba wanamwonea kwa kuongeza maneno mapya katika lugha. Alijua anachofanya. Wewe subiri kwanza ufaulu mtihani.

"Inasemekana Homer alikuwa kipofu": inasemwaje?

Njia mbili. Ya kwanza haina nafsi: *Traditum est etiam Homerum caecum fuisse*, maneno ya Cicero, na Homerum yuko katika akusativo mbele ya infinitivo. Ya pili ina nafsi: Homerus caecus fuisse dicitur, "Homer anasemekana alikuwa kipofu". Katika dicitur na videtur, Warumi walipendelea hii ya pili. Katika traditum est, nuntiatum est, constat (inajulikana, imethibitika) na apparet, ile ya kwanza. Kosa la kawaida ni kuchanganya, Homerus caecum fuisse dicitur. Chagua mlango mmoja uingie nao.

Interest na refert zimenishinda. Mbona "meā"?

Zote mbili ni "kuna maslahi kwa", "inamhusu". Mtu akitajwa kwa jina au nomino, interest inamweka katika genitivo: *interest omnium recte facere*, ni kwa faida ya wote kutenda haki. Lakini akiwa "mimi", "wewe", "sisi", "ninyi", husemi mei wala tui. Unasema meā, tuā, nostrā, vestrā, yaani kimilikishi katika ablativo ya kike, umoja. Meā interest te valere, "kwangu ni muhimu uwe mzima".

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba refert inabeba ndani yake rē, ablativo ya res, neno la kike. Meā rē fert, kitu kama "kwa upande wa jambo langu inaleta", kisha interest ikaigiza mwenzake. Refert yenyewe hupenda hizo meā na tuā, na mara chache sana hubeba genitivo ya mtu. Kiwango cha umuhimu huelezwa kwa magni, parvi, multum, nihil. Nihil meā refert: hainihusu ndewe wala sikio.

Na accidit ut?

Accidit, evenit, contingit, fit: "ilitokea kwamba". Hufuatwa na ut na subjunktivo, na ukanushaji ni ut non, si ne. Contingit mara nyingi ni ya heri, accidit mara nyingi ya shari, lakini usiifanye hiyo kuwa sheria.

Bado vitenzi hivi vinatumika mahali popote leo?

Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, maaskofu walipiga kura kwa placet ("inapendeza", yaani ndiyo), non placet (hapana), au placet iuxta modum (ndiyo, lakini kwa marekebisho). Kardinali Laurean Rugambwa wa Tanganyika alikuwa miongoni mwao. Mzizi wake ni wa kale zaidi ya Kanisa, maana seneti ya Roma nayo iliamua kwa placet, na Caesar anapofanya uamuzi huandika *placuit ei ut ad Ariovistum legatos mitteret*: aliona vema apeleke wajumbe kwa Ariovistus. Yeye, ei, ni dativo, na uamuzi umekuja kama jambo lililompendeza.

Wanasheria wana non liquet, "haiko wazi". Mwamuzi wa Kirumi ambaye hakuridhika na upande wowote aliweza kutoa NL badala ya A (absolvo, namwachilia) au C (condemno, namtia hatiani). Tazama tofauti: absolvo na condemno zina "mimi" ndani yake, NL haina. Katika sheria ya kimataifa msemo huo bado unajadiliwa, pale inapoulizwa kama mahakama inaweza kukataa kuamua kwa kukosa kanuni.

Nikitaka kusema "nilianza kuona aibu" au "huenda nikajuta"?

Kitenzi kisaidizi nacho kinapoteza nafsi. Pudere me coepit. Paenitere me potest. Solet eum taedere. Usiandike coepi pudere, maana coepi ina "mimi" na pudere haina mahali pa kumweka.

Kwenye kamusi nivitafute wapi?

Jaribu kwanza umbo la nafsi ya tatu: oportet, licet, libet. Ukikosa, tafuta lile la nafsi ya kwanza hata kama halitumiki, kwa mfano paeniteo. Katika vitabu vya zamani vya Kanisa utakuta poenitet, kwa sababu waandishi wa Zama za Kati walilihusisha neno hili na poena, adhabu. Tahajia ya kale ni paenitet.

Nimekuta "licet" ikiwa na maana ya "ingawa". Ni neno lilelile?

Lilelile. Licet na subjunktivo lilianza kama "ruhusa iwepo kwamba…", likazoeleka hadi likawa kiunganishi. Na lina watoto wawili walioingia kwenye maandishi ya dunia nzima: scilicet, kutokana na scire licet, "waweza kujua", yaani "ni dhahiri", na videlicet, kutokana na videre licet, "waweza kuona", yaani "ndiyo kusema". Hivyo ndivyo vifupisho sc. na viz. unavyoviona katika vitabu vya kitaaluma. Katika viz. hakuna z ya kweli. Ni alama ya waandishi wa miswada ya mkono iliyosimama badala ya -et, na wapiga chapa wakaisoma kama z.